Mbaazi, Kuku na Jina Langu

Jumatatu, 4 Februari 1974

Mvua tena. Lori la Mtwara halikufika, barabara imekatika.

Gaudensi wa zahanati kabandika picha mpya ukutani, imetoka mjini. Ng'ombe mnene. Glasi ya maziwa. Yai. Pande la nyama jekundu. Chini yake: VYAKULA VYA KUJENGA MWILI. Ng'ombe! Hapa bondeni mwa Ruvuma, kwenye mbung'o! Mtoto mmoja wa darasa la pili aliniuliza mnyama yule amebeba nini chini ya tumbo.

Nikamwambia Gaudensi picha ile ni matusi. Mama wa hapa anaitazama, anaona vitu vinne asivyokuwa navyo, anarudi nyumbani akiamini mwanawe hana dawa. Mbona hawakuchora mbaazi? Njugu mawe? Ufuta? Dagaa, basi! Akacheka. Eti mimi Msabato wa Upare, tumbo langu lilishazoea majani kama la mbuzi. Damu haitoki kwenye majani. Nikampa somo: mbaazi na mahindi kwenye sahani moja, kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake, na ukikamulia ndimu kwenye kisamvu damu inafaidi zaidi. Nimesoma, sibahatishi.

"Na ile vitamini ambayo mmea hauna?"

Hapo alinishika. Nikasema ndiyo maana ninakula mayai.

"Yai ni nyama ambayo haijaamka, Mwalimu."

Wagonjwa wakaangua kicheko. Sasa hata wao wananiita Mwalimu Mbaazi. Na waniite.

Nimeanza makala ya gazeti. Kichwa cha habari: Nyama Si Mfalme.

Jumatano, 6 Februari

Leo sina hamu ya kubishana.

Albertina, jirani yangu wa nyumba ya pili, alipita na mwanawe mgongoni. Nikasema nimsalimie mtoto. Akasita, kisha akafungua kanga.

Celeste ana miaka miwili. Zamani alikuwa anakuja kuniibia mapapai yaliyoanguka. Sasa miguu imevimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Uso umejaa, mashavu kama ya mtoto aliyeshiba — huo ndio uongo wa ugonjwa huu. Nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi. Ngozi ya mapaja inabanduka. Halii. Anatazama tu, kama mzee aliyechoka na maneno ya watu.

Nikamwambia twende zahanati sasa hivi. Akasema alishakwenda. Gaudensi alimwambia unyafuzi, mtoto hapati chakula cha kujenga mwili. Maziwa ya unga yaliisha, mengine yako kwenye lile lori. Hospitali ya Mtwara haifikiki.

"Na nyumbani wanasemaje?"

Akaifunga kanga upya. Akasema nyumbani wana neno lao.

Ninalijua. Kila mtu analijua. Kubemenda. Mama akilala na mwanamume mwingine wakati ananyonyesha, mtoto hunyauka au huvimba. Kwa hiyo uvimbe si ugonjwa, ni ushahidi. Na mumewe, Jeronimo, yuko ng'ambo ya mto, anawabebea mizigo wapigania uhuru. Hajaonekana tangu kabla ya mavuno yaliyopita. Mama mkwe, Rozalia, ametazama miguu ya mjukuu wake na amekwisha kutoa hukumu.

Maneno mawili kwa miguu ileile. Unyafuzi. Kabemendwa. La kitabu halina nguvu hata ya kumvusha mtu kizingiti.

Ijumaa, 8 Februari

Nilikwenda kwa Rozalia, mchana, waziwazi, kama mtu mzima. Shikamoo. Marahaba. Nikaanza. Nikasema njaa. Nikasema walipohama mashamba yao ya zamani kuja kijijini waliacha mbaazi zao, njugu zao, mikorosho yao, na hapa wamekuta muhogo peke yake. Na muhogo mtupu humjaza mtoto tumbo ukamnyima mwili. Ujamaa nitaugombania mpaka kaburini, nilimwambia hivyo hasa — lakini nani alisahau kuuliza watu hawa watakula muhogo huo na nini?

Alinisikiliza mpaka mwisho, anapepeta. Kisha:

"Mwalimu, muhogo tunakula wote. Mbona aliyevimba ni ntoto wa Albertina tu?"

Nikamjibu kwamba aliachishwa ziwa ghafla, alitangulia kuugua surua, kwamba mwili hauugui kwa usawa kama foleni ya duka la ushirika. Nilijibu vizuri sana. Akaniuliza kama nimeoa.

Nikasema mke wangu alifariki.

"Pole. Basi ya wanawake na watoto tuachie wanawake."

Anao kuku, niliwahesabu nikiwa nimekaa. Jogoo mwekundu, tetea mweupe, tetea mweusi. Yai hata moja halimfikii Celeste. Mtoto wa aibu halishwi vitu vya nyumba mpaka nyumba isafishwe. Hiyo ndiyo sheria. Nilimwambia hiyo ni sheria ya kuua. Akasema sheria ya kuua aliileta mkwewe.

Jumamosi, 9 Februari

Sabato. Nilisali peke yangu, kama kawaida.

Nikapika mbaazi. Mbegu hizi Raheli alizileta kutoka Upare zikiwa zimefungwa kwenye kona ya kanga, akazipanda nyuma ya nyumba hii mwaka tulipohamishiwa huku. Amelala Mtwara sasa, kwenye makaburi yanayotazama bandari, na miche yake bado inazaa. Niliziponda, nikachuja maganda, nikaweka unga wa mahindi na korosho zilizosagwa. Nikapeleka kikombe.

Celeste alionja, akageuza uso. Hataki kula. Hilo nililisoma: mtoto mwenye njaa hii hupoteza hamu ya chakula. Kusoma ni jambo moja. Albertina alimtilia kidogo kidogo kwa ncha ya kijiko, akameza mara mbili, tatu. Tukafurahi kama wajinga.

Jumanne, 12 Februari

Kikombe kila siku. Jana alimeza nusu. Leo katapika.

Gaudensi alinivuta pembeni. Akaacha mzaha, jambo ambalo halimtokei. "Ndugu Elia, mwanamume mjane anaingia kila siku nyumba ya mwanamke ambaye mumewe hayupo. Amebeba kikombe. Unadhani wanaona kikombe?"

Nikamwambia siishi kwa ruhusa ya midomo ya watu. Nimewahi kubishana na maaskofu, nitashindwa na wapepeta unga?

"Maaskofu hawakai nyumba ya pili," akasema.

Alhamisi, 14 Februari

Rozalia amemwaga uji. Alikitoa kikombe mkononi mwa Albertina, akakimimina mlangoni, mbele ya watu, akanirudishia kikitiririka. "Chakula cha mwanamume mwingine hakimponyi mwanangu. Ndicho kilichomvimbisha."

Nilipiga kelele. Nilisema mambo kuhusu ujinga ambayo yangependeza sana gazetini. Watu walikusanyika. Abdallah, mwenyekiti wa kijiji, akaja kunishika bega: "Mwalimu, Mwalimu, taratibu, utapasuka mshipa." Nilipotazama kando nikamwona Albertina ameinama anaufuta ule uji kwa kidole, sehemu ambayo haikugusa mchanga, anampa mtoto.



Jumapili, 17 Februari

Sijamwona Celeste tangu Alhamisi. Gaudensi aliruhusiwa kuingia. Anasema uvimbe umefika usoni, macho hayafunguki vizuri. Nikamuuliza bado ana muda gani. Akasema, "Mwombee." Gaudensi! Ambaye kanisani huenda Krismasi tu!

Rozalia yuko tayari kupika dawa, kwa sharti la siku zote. Mama asimame mlangoni, ataje jina la mwanamume. Bila jina, dawa haipikwi. Na jina likiwa la uongo, dawa hugeuka na kumuua mtoto. Albertina amekataa wiki tatu sasa, kwa sababu rahisi kuliko zote: hakuna wa kumtaja.

Makala yangu imefika ukurasa wa saba. Kichwa kipya: Hakuna Kubemenda, Kuna Njaa. Ni kali. Sijawahi kuandika kitu kikali kama hiki. Wala hakimfungui mtoto macho.

Jumanne, 19 Februari

Leo darasani wanafunzi wananong'ona. Ninageuka, wananyamaza. Nikaandika ubaoni, nikasikia nyuma yangu sauti ya kike, ndogo, inasema "mbaazi imezaa," na darasa zima likafa kwa kicheko.

Wakati wa mapumziko mwalimu mwenzangu alinieleza, anatazama viatu vyake. Jana jioni Albertina alisimama mlangoni kwa Rozalia, mbele ya wazee. Akataja.

Akanitaja mimi.

Baadaye, siku hiyohiyo.

Nilikwenda. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno njiani, mazito, kwa mpangilio. Mimi! Miaka ishirini na sita ya kazi! Mzee wa kanisa! Raheli hana hata miaka miwili ardhini!

Uani kulikuwa na manyoya mekundu.

Rozalia ameketi kwenye kinu kilicholala, Celeste mapajani. Chungu kando. Bibi anachovya kidole kwenye supu, anamtia mjukuu kinywani. Anachovya, anatia. Mtoto ananyonya kidole. Pole pole, kwa bidii, amekunja ndita, kama mtu anayesoma herufi ndogo. Kisha bibi akaponda kipande cha ini kwa kucha, akamtia ulimini. Hakutema.

Rozalia aliniona. Hakuacha kulisha.

Albertina alikuwa nje ya ua, mbali na chungu; haruhusiwi kukionja wala kukisogelea. Nikamwendea na maneno yangu yote. Akayatangulia.

"Ningemtaja nani, Mwalimu? Wa hapa wana wake. Wangepigana. Wewe mkeo amelala Mtwara, hasikii."

Nikamuuliza, je, hakuogopa dawa kugeuka? Maana anaiamini, niliona kwamba anaiamini.

"Niliogopa usiku kucha. Nikasema, asipokula atakufa. Akila na uongo wangu, labda Mungu atakuwa anatazama ng'ambo, kwenye vita." Kisha: "Ukikana, bibi atakiondoa chungu. Kana kesho, Mwalimu. Au keshokutwa. Si leo."

Sikukana leo.

Ijumaa, 22 Februari

Siandiki makala. Kurasa zile nimezifungia korosho.

Rozalia anamlisha kutwa. Hilo ndilo nisilolikuta katika kitabu chochote changu: kidole cha bibi kizee kutoka jua linapochomoza mpaka linapozama, bila kuchoka, kidogo kidogo. Siyo jogoo tu, ni ruhusa. Mbaazi zangu zingeweza, nitalisema hilo hata mbele ya Bwana. Zilikosa ruhusa.

Lakini jogoo ndiye aliyekwenda tumboni, si mbaazi. Nalo hilo niliandike, nisijidanganye.

Jumapili, 24 Februari

Maji ya uvimbe yanatoka. Gaudensi anasema miguu imekuwa miembamba ghafla, kama njiti, na kwamba hiyo ni dalili njema. Macho yamefunguka.

Kijiji kizima kinajua maana yake. Mzee mmoja alinisalimia njiani, kwa upole kabisa, hakuwa anadhihaki: "Umeona, Mwalimu? Dawa imeshika. Ingekuwa uongo, angekufa."

Kila tonge analomeza Celeste ni shahidi juu yangu na juu ya mama yake. Akinenepa, tumehukumiwa. Na mimi naomba anenepe! Nilipiga magoti nikaomba hivyo hivyo: Bwana, mnenepeshe.

Jumanne, 26 Februari

Abdallah kaniita kwenye ofisi ya tawi. Ananiheshimu, ndiyo maana ilikuwa vigumu. Alisema wazee wanataka nilipe faini ya mbuzi. Alisema watu wa elimu mkoani huenda wakasikia. Akasema, "Ndugu Elia, wewe mtu wa kujibu. Kwenye mkutano wa mwezi wa kumi ulimjibu hata mgeni rasmi. Hili mbona hulijibu?"

Nikatazama dirishani. Kuna watu waliwahi kuninyamazisha? Sikumbuki hata mmoja.

"Basi ni kweli," akasema, kwa huzuni kabisa. Nikaona amenipoteza, kama mtu anavyopoteza kitu alichokuwa akijivunia.

Jumamosi, 2 Machi

Sabato. Kutoka kanisani Mtwara halijafika neno bado. Litafika, barabara ikifunguka.

Tetea mweupe alichinjwa jana. Dawa ni kuku watatu: mwekundu, mweupe, mweusi. Wa mwisho ndiye anayefunga dawa. Kabla ya huyo, kama jina likivunjika, yote huvunjika na chungu humwagwa.

Lori limefika na maziwa ya unga. Makopo mawili kwa zahanati nzima! Gaudensi kampelekea Rozalia kikombe. Akapokea, akachanganya kwenye supu. Kutoka kwa Gaudensi anapokea. Nilicheka peke yangu jikoni, halafu sikuwa nacheka tena.

Jumatano, 6 Machi

Celeste kasema. Tangu Desemba hajatamka kitu. Rozalia alikuwa anampita na bakuli, mtoto akanyoosha mkono, akasema, wazi, majirani wote tulisikia:

"Nyama!"

Gaudensi alikuwepo. Aligeuka kunitazama nilikosimama, na nilijua analo la kusema, analo tayari, tamu, la mwaka mzima. Akaling'ata. Akatazama chini. Bora angelisema.

Ijumaa, 8 Machi

Albertina alikuja kuchota maji nikiwa kisimani. Wanawake wengine waliondoka ndoo zao zikiwa nusu. Amekonda, anakula muhogo mkavu, hagusi chumvi mpaka dawa ifungwe. Nikampa mfuko wa mbaazi. Akaurudisha. Akasema watu wakiuona watasema bado tunaendelea.

Wamepeleka habari ng'ambo. Jeronimo anakuja.

Nikamuuliza atamwambia nini mumewe. Akasema atamwambia kweli, kuku mweusi akishaliwa. Nikasema, na akikuuliza kabla? Akasema, "Hataniuliza mimi. Wanaume huulizana."

Kisha, akijitwika ndoo: "Ndugu zangu wote walibaki kule ng'ambo. Akinifukuza, sina pa kwenda. Lakini hilo ni langu. La Celeste ni kuku mmoja."

Jumapili, 10 Machi

Asubuhi. Nilikuwa nachambua mbaazi. Hodi ya mtu asiyejua kama atakaribishwa.

Jeronimo. Nilimdhania mkubwa zaidi. Amevaa koti la kijeshi lisilo na vifungo, bega moja limeshuka kwa kubeba. Miguu imepasuka. Amevuka mto alfajiri, na hakupitia kwao. Alikuja kwangu kwanza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa panga. Alisema, "Shikamoo, Mwalimu."

Shikamoo! Nikaitikia, sijui kwa sauti ya nani.

Akakaa barazani. Akasema njia nzima aliambiwa mtoto wake anakufa, na hapa njiapanda kaambiwa mtoto anakula na kuomba nyama. Anataka kufurahi, lakini wamemwambia kupona kwake kunatokana na jambo ambalo mwanamume hawezi kulifurahia. Anazungumza polepole, anachagua maneno ya Kiswahili kama mtu anayevuka kwa kukanyaga mawe. "Nimesikia wewe ni ntu wa kusema kweli hata ikikuchoma. Kwa hiyo naja kwako. Ukisema ndiyo, nitajua la kufanya. Ukisema siyo, nakwenda kumwambia mama yangu sasa hivi, aache kumwaibisha mke wangu."

Aache! Kumwambia mama yake, sasa hivi!

Nikamwambia anisubiri nivae shati. Nimeingia ndani. Nimevaa shati. Sijatoka. Nimekaa mezani na daftari hili kwa sababu sijawahi kufikiri bila kalamu mkononi, na kalamu leo haifikirii chochote.

Nikisema kweli, chungu kinamwagwa. Nikisema uongo, mwanamke asiye na kosa anatolewa nyumbani kwa mdomo wangu. Kusema "ngoja mpaka kesho" ni kusema ndiyo. Kunyamaza ni kusema ndiyo, Abdallah alishanifundisha.

Kuku mweusi amefungwa mguu kwenye nguzo ya jiko la Rozalia. Namsikia kutoka hapa, anakwaruza, anavuta kamba. Celeste yuko karibu naye, anacheka. Wanasubiri kuni zikauke, mvua ya jana imezilowesha. Kuni tu!

Jeronimo hajainuka. Kupitia ufa wa mlango namwona amechukua ungo wangu, anaendelea kuchambua mbaazi nilizoziacha, anatoa zilizotoboka, anaziweka kando moja moja kwenye ukuta wa baraza.

"Mwalimu," ananiita. Si kwa hasira.

Nakuja, nimemjibu. Nimesimama. Moshi umeanza kwa Rozalia, mwembamba, wa kuni mbichi, na kuku mweusi bado anakwaruza. Naiweka kalamu, natoka.